Sabuni Iliyogawiwa Kabla ya Baraza

Ipo siku moja ya miaka ile ya hamsini, mwanangu, ambayo ninaikumbuka mpaka leo: siku kampuni kubwa ya sabuni ilipotugawia sabuni bure katika soko la mtaa wetu, Kabondo.

Nilikuwa msichana, nimemaliza shule ya msingi kwa masista, na nilikuwa na haya nyingi hata kumsalimia jirani ilikuwa kazi. Nilikaa kwa Mama Mukubwa, dada ya mama yangu. Yeye na wenzake walipika sabuni kwa mafuta ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi, wakaiuza sokoni. Ndiyo iliyotulisha. Ile ya kampuni ilinukia vizuri, lakini watu wa mtaa wetu walipenda hii nyeusi yetu.

Basi karani wa kampuni akaja na gari lililojaa makasha. Alikuwa mzaliwa wa hapahapa, mila zetu zote anazijua. Akasema ni zawadi tu, tajiri wake anawapenda wamama. Wote wakapanga mstari. Mimi niliona haya kusukumana na watu, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mama Mukubwa alinicheka sana.

"Hata kitu ya bure inakuogopesha? Weye utaolewa na nani?"

Siku chache baadaye tukaitwa barazani. Mzungu wa Serikali alikuwa amefika kutoka Leopoldville, makao makuu ya wakoloni wakati ule, na mkalimani wake, nikashangaa, alikuwa karani yuleyule. Akatuambia kwamba wakubwa wanaandaa sheria ya kukataza kuuza sabuni ya kupikwa nyumbani, eti inaharibu ngozi ya watoto. Mwenye neno aseme.

Hakuna aliyefungua kinywa. Labda kwenu mila hii imekwisha, lakini wakati wetu mtu aliyepokea kitu cha mwenye shauri, yaani anayefaidika nalo, hakusema kinyume chake mbele ya baraza. Ingekuwa aibu kwa ukoo mzima. Niliwatazama wamama wameinamisha vichwa, ndipo nikaelewa makasha yale yalikuwa ya nini.

Mama Mukubwa akanisukuma mgongoni. "Weye peke yako haukukamata kitu yao," akaninong'oneza. "Simama. Ama kesho tutakula nini?"

Nikasimama. Nikasema wamama wamenyamaza kwa sababu ya zawadi, si kwa sababu wanakubali. Kisha nikauliza kama bwana mkubwa naye amepokea kitu cha kampuni.

Karani akatafsiri kwa maneno machache. Kifaransa changu kilikuwa kidogo, cha shuleni, lakini kilinitosha kusikia akisema kwamba msichana huyu anashukuru kwa sabuni.

Basi nikasema mwenyewe kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayesoma ubaoni: "Hapana, bwana. Sikusema hivyo. Nimeuliza, wewe kampuni imekupa nini?"

Uso ukamwiva yule Mzungu, akafunga mkoba wake, akasema shauri litaangaliwa upya. Karani aliponipita akanong'ona, "Mutoto ya haya, leo haya yako umeiacha wapi?" Nikainamisha kichwa. Haya ilikuwa imenirudia.

Sheria ile haikuja, na Mama Mukubwa aliendelea kupika sabuni yake. Lakini sikuwahi kuamini kwamba watu wale walikata tamaa. Nadhani walikwenda kubisha mlango mwingine, ambao msichana wa sokoni haingii.

Mwanangu, sikuambii ukatae mkono wa jirani. Lakini mwenye mali nyingi akikuletea kitu usichomwomba, muulize kwanza kuna baraza gani mbele. Akicheka tu, mrudishie kitu chake. Jifunze pia lugha ya wakubwa, hata kidogo, usije ukamwachia mwenye shauri akubebee maneno yako.

Mungu akulinde na akupe riziki ya jasho lako, na siku utakapotakiwa kusema, ukute kinywa chako bado ni chako.