"Mama Germana, Kiberiti!"

Mwaka themanini na mbili mume wangu Josephati alinunua Landrova kuukuu ya jeshi ya kubebea vitunguu kutoka Mang'ola. Ilikuwa jeuri kama mwenyewe. Asubuhi za ukungu hapa Karatu, platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyotoa cheche, ziliingia unyevu na gari likagoma. Vidole vyake ni vinene, havipenyi mle. Basi aliita, "Mama Germana, kiberiti!" Nilitoka nimejifunika kitenge, nikazisugua platini kwa ubavu wa kiberiti, naye akinishikia chai na kunisimulia safari ya jana. Nilinung'unika kila siku.

Kisha padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya akatuachia kiboksi cha elektroniki kinachofanya kazi ya platini bila chuma kugusa chuma. Nilikifunga mimi, kwa vidole hivi hivi, nikashukuru kuachana na baridi ile. Kesho yake nikasikia gari limewaka mara moja, likaondoka. Nikavuta blanketi.

Wiki tatu zikapita hivyo.

Asubuhi moja akaita, "Mama Germana! Imegoma!"

Nilitoka nimefura kwa hasira, nikafunua boneti. Waya wa koili, ule unaopeleka umeme wa cheche, haukukatika wala haukulegea. Ulikuwa umechomolewa na kulazwa pembeni vizuri. Nikamgeukia. Josephati alikuwa anatazama ukungu, ameshika vikombe viwili vya chai.

"Itachukua muda hii," nikamwambia, nikapokea changu.