Dada Niliyemkataza Kuhesabu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo ikinijia shambani huwa naacha jembe nikakaa chini. Uhuru ulikuwa bado mchanga. Miaka kadhaa nyuma mama alikuwa amemfuata baba kaburini katika msimu mmoja wa mvua, na mimi, mtoto mkubwa, niliacha shule darasa la tatu nikabaki hapa Bugwema na wadogo zangu na ng'ombe wa baba. Sikulalamika. Nasema hivyo ili ujue kwamba kosa ninalokusimulia sikulifanya kwa uvivu. Nilidhani naulinda mji wetu.

Mdogo wangu Nyangeta alikuwa amefaulu mtihani wa darasa la nne, na nafasi yake ya shule ya kati ilikuwa inamngoja Musoma. Jioni moja, ng'ombe wakiingia zizini, alisimama pembeni akawanyooshea kidole mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti.

"Kumi na tisa, kaka! Jana walikuwa ishirini. Mmoja hayupo."

Wewe wa siku hizi hujui uzito wa jambo hilo. Kwetu ng'ombe hawakuhesabiwa kwa kidole. Ulimjua kila mmoja kwa rangi na pembe zake, na asiyekuwepo ulimwona kwa pengo lake. Kuwahesabu ilikuwa ni kukiita kifo kije kupunguza. Nilimzaba kofi. Nilipotoka kutafuta, nikakuta kweli ndama mmoja amenasa kwenye tope, na nikamtoa mzima. Hata asante sikumpa dada yangu.

Wiki ile ugonjwa wa ndigana ukaingia zizini, wakafa ng'ombe wanne.

"Shule basi," nikamwambia. "Hesabu zako zinatumaliza."

"Kaka, ndigana inaletwa na kupe. Hata kwa jirani wamekufa, na mimi sijahesabu ng'ombe wa jirani."

Nikamwona ana mdomo. Mwalimu wake alikuja mara mbili kuniomba, nami mara zote mbili nikamkaribisha uji na kumkatalia. Nafasi ile akapewa mwingine. Baadaye Nyangeta akaolewa na mvuvi wa Mugango.

Miaka ikapita, vikaja vijiji vya ujamaa. Tulihamishwa tukajenge nyumba kwa mistari, na watu wazima tukaamriwa kusoma alasiri ndani ya ghala la pamba. Mwalimu wetu alikuwa binti kutoka Bunda, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Siku ya kupima misingi alichukua kamba, akaipiga mafundo kwa nafasi sawasawa, akatushikisha watu watatu: nafasi tatu upande huu, nne upande ule, tano zifunge. Kona ikakaa sawa kabisa, kama ya mlango wa kanisa.

"Kwa nini tatu, nne na tano?" nikauliza.

Akaandika chini: tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, jumla yake ishirini na tano, nayo ni tano mara tano.

"Ziko nyingine kama hizo?"

"Ziko, baba. Tafuta."

Mwanangu, nilitafuta msimu mzima wa palizi. Sita, nane na kumi niliziona upesi, lakini hizo ni zile zile zimekuzwa. Nilipanga kokoto mwisho wa kila tuta, mpaka rafiki yangu Magesa akaniuliza, "We bwana, unapalilia au unaroga?" Ndipo nikazipata: tano, kumi na mbili na kumi na tatu. Nikapiga mafundo kamba mpya, na kona ikakaa. Sijawahi kufurahi vile, wala siku ya harusi yangu. Mama yako asisikie.

Furaha ile ndiyo iliyonipeleka Mugango. Nilimkuta Nyangeta akianika dagaa, nikamwandikia mchangani namba zote, zile za mwalimu na zangu. Akafuta mikono kwenye kanga, akatazama.

"Tatu mara tatu ni tisa," akasema polepole. "Tisa ni nne ukijumlisha na tano. Tano mara tano ni ishirini na tano. Ni kumi na mbili na kumi na tatu." Akainamia mchanga. "Basi jaribu saba, kaka. Arobaini na tisa. Ishirini na nne na ishirini na tano."

Nilipiga hesabu mpaka jasho likanitoka. Ilikuwa sawa. Mimi nilikuwa nimehangaika msimu mzima nikapata moja. Yeye aliiona njia ya kuzipata nyingine nyingi, amesimama tu.

"Ulikuwa unaijua?"

"Nimeiona sasa hivi." Akaendelea kutazama mchanga. "Nilikuwaga nazipenda sana, kaka. Ukasema basi, nikaacha. Sasa sogea, unakanyaga dagaa."

Nilimwomba msamaha, akanisamehe bila maneno mengi. Lakini msamaha wake haukumrudisha darasani, na kupenda kwangu hesabu hakukumrudishia chochote.

Kwa hiyo mwanangu, usimfungie mtu mlango kwa sababu wewe hujui kilichomo ndani. Ukiogopa jambo, sema unaogopa, usiseme ni mila. Mtoto akikujibu kwa hoja, isikilize hoja kabla hujaangalia mdomo wake. Na ukichelewa kupenda elimu, ipende hivyo hivyo; mimi bado nasoma.

Mungu akupe kuona uwezo wa mwenzako ungali mbichi, akupe na ujasiri wa kumwachia njia. Nenda salama, mwanangu.