Elfriede na Ndevu za Ewald

Hapa Solingen, mji wa Ujerumani unaoishi kwa kutengeneza visu na nyembe, ukimwambia mtu kisu chake ni butu umemtukana yeye na marehemu baba yake. Ndiyo maana Ewald Broch, siku aliyojikata kidevuni akinyoa kwa mkono wa kushoto, wala hakuijali damu iliyochuruzika mpaka kwenye kola ya pajama. Kilichomuuma ni kwamba mkewe alimnyang'anya wembe na kwenda kuuficha.

Mkewe Elfriede aliuficha kweli. Aliuviringisha kwenye kitambaa cha kukaushia vyombo, akautumbukiza ndani ya sufuria kubwa la kupikia jamu, mahali ambapo Ewald hajawahi kutia mkono tangu waoane.

"Nuna mpaka Pasaka ukitaka," alimwambia. "Sikukuuguza majira yote ya baridi ili uje ujichinje bafuni."

Kiharusi kilimpata Ewald msimu wa vuli. Kiliuchukua mkono wa kulia, kikalilegeza shavu la upande huo, na kikamwacha akiongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Akili kilimwachia yote. Kiburi nacho hakikukigusa hata kidogo, na afadhali kingekipunguza. Daktari alisema mgonjwa atoke, atembee, aonane na watu. Mgonjwa akasema hawezi kuonana na watu akiwa na uso huu, akajikalia zake dirishani, na ndevu zikaota.

Sasa, ndevu kwa Ewald hazikuwa jambo dogo. Mtu huyu alisaga nyembe maisha yake yote. Alikaa mbele ya jiwe linalozunguka, maji yakimrukia mapajani, akiukondesha wembe mpaka ukiyabonyeza makali yake kwa ukucha yanapinda kidogo na kurudi. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, alinyoa kwa wembe alioutengeneza mwenyewe alipokuwa kijana, wenye mpini wa pembe nyeusi. Alinyoa sikukuu, alinyoa akiwa na homa, alinyoa siku ya kumzika mama yake. Fundi wa nyembe kutembea na ndevu, alisema, ni sawa na mwoka mikate kununua mkate kwa jirani.

Binti yao Roswitha alimletea mashine ya umeme. Ewald aliigeuza, akaisikiliza ikinguruma, akairudisha kwenye boksi lake.

"Hii ya kukatia nyasi," alisema. "Mpelekee mumeo, bustani yake inatia aibu."

Kinyozi alikuwapo, tena mwisho wa barabara ileile. Anaitwa Gisbert Pohlig, na shida yote ilikuwa hapo. Ewald alikuwa hajakanyaga kwake tangu siku Gisbert alipoziweka kabatini nyembe za kweli na kuanza kutumia viwembe vya kuchomeka, unamnyoa mteja mmoja, unatupa. Gisbert alijitetea kwamba watu wa afya ndio wanaotaka hivyo. Ewald akamjibu kwamba anayenyoa kwa kitu cha kutupa naye ni wa kutupa. Tangu hapo hata salamu ilikwisha, wakipishana kila mmoja anatazama vigae vya paa.

Basi Jumapili ya Mitende ilikuwa inakaribia, na siku hiyo mjukuu wao wa pekee, Annegret, alikuwa anapata kipaimara katika kanisa la pale chini ya mteremko. Annegret alikuja mwenyewe kumwambia babu yake amemwekea kiti mstari wa mbele. Ewald alimpapasa kichwa kwa mkono wake mzima, akatazama nje. Annegret alipoondoka tu, akasema, "Siendi."

"Hutaki kumwona mtoto?"

"Nikae mbele ya kanisa zima na sura ya mzururaji? Siendi, mama. Mwambie naumwa."

Elfriede alikwenda jikoni akashika meza. Baba yake mzazi alikaa dirishani hivihivi. Alianza kwa kukosa harusi moja, kisha akakosa mazishi ya kaka yake, kisha hakutoka tena mpaka alipotolewa amelazwa ndani ya sanduku. Kama Ewald hatatoka Jumapili hii, aliwaza, hatatoka tena, na mimi nitabaki nikimpelekea supu pale kitini mpaka mwisho. Aliogopa sana.

Akalishusha sufuria la jamu, akatoa wembe, akarudi nao sebuleni.

"Nitakunyoa mimi," alisema.

Ewald aligeuka kutoka dirishani. "Wewe?"

"Mimi. Nimenoa nyembe nyingi kuliko vinywele vyako vyote, mzee."

Na hapo hakujisifu. Elfriede alikaa ujana wake wote kwenye meza ya mwisho ya kiwanda, pamoja na wanawake waliokuwa wakitia makali nyembe zilizokwisha sagwa. Ndivyo walivyojuana hawa wawili. Aliurudisha wembe mmoja wa Ewald akisema mgongo wake, ule upande mnene usiokata, umepinda, na Ewald akashuka ghorofa mbili kwa hasira kuja kumwona huyo msichana anayejifanya ana macho. Walibishana mpaka kengele ya kazi ikalia. Wembe ulikuwa umepinda, na Ewald alikiri, lakini baada ya kuoana.

Elfriede aliandaa kila kitu kwa utaratibu. Alizipunguza ndevu kwa mkasi mpaka zikabaki fupi. Aliukanda uso kwa taulo lililotoka kwenye maji moto, akapiga povu kwa burashi, akalizungusha mashavuni mpaka Ewald akafumba macho kwa raha. Akaupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia na makali yakifuata, huku na huku, pole pole. Kisha akaulaza shavuni, akavuta.

Wembe uliteleza, ukakwama, ukang'oa. Ewald aliguna kama mlango mbovu.

"Makali," alisema.

"Makali yana nini?"

"Yamelala. Noa."

Elfriede akanoa. Alitoa jiwe lake, akalilowesha, akaulaza wembe, mgongo na makali vyote viwili vikiligusa jiwe, akausukuma kama alivyousukuma maisha yake yote. Akang'oa unywele wake mmoja mweupe, akaushika ncha moja, akaushusha juu ya makali. Ukakatika wenyewe, bila hata sauti. Siku ya pili akajaribu tena shavuni. Wembe ukang'oa tena.

"Jiwe," alisema Ewald.

Akabadilisha jiwe. Unywele ukakatika vizuri, shavu likalalamika vilevile. Ewald akasema basi ni mkanda, ngozi imekauka. Elfriede akaupaka mkanda mafuta, akausugua kwa kiganja mpaka ukalainika. Hola. Mtu wa mji mwingine yeyote angekwisha uliza, je, huyo anayeshika wembe anajua kunyoa? Huku kwetu swali hilo halikuwajia hata kidogo. Waliulaumu wembe, wakalilaumu jiwe, wakamlaumu ng'ombe aliyetoa ngozi, na bado mkono wa Elfriede haukutajwa.

Kufikia Alhamisi shavu la kushoto la Ewald lilikuwa jekundu, limebaki viraka viraka kama shamba lililovunwa na walevi. Elfriede alipoinua tena burashi, Ewald alimshika mkono.

"Niache," alisema, safari hii bila ukali. "Umejitahidi. Mwambie Annegret babu anaumwa."

Ule upole ndio uliomtisha Elfriede. Angetukana angalau.

Ijumaa alivaa koti, akatia wembe mfukoni, akamwambia mumewe anakwenda kununua mkate. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa Gisbert, akamkuta peke yake, anafagia nywele. Gisbert ni mnene, mpole, shavu lake huwa laini kama kitako cha mtoto, ila siku hiyo alikuwa hajanyoa. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nipe niuone," alisema. Aliufungua wembe, akausogeza kwenye mwanga, akaupitisha juu ya vinyweleo vya mkono wake. Vilianguka. Akatikisa kichwa. "Bi Elfriede, sijashika wembe wenye makali ya namna hii tangu nilipoziweka zangu kabatini. Huu hauna kosa."

"Najua hauna kosa. Sasa mbona unamng'oa?"

Gisbert aliuweka ufagio pembeni. Alifunga mlango kwa ufunguo, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, akajipaka povu.

"Ninyoe mimi," alisema.

"Una wazimu wewe?"

"Ninao kidogo. Ninyoe."

Elfriede alimsogelea, akaulaza wembe kwenye shavu la kinyozi. Hakuwa amevuta hata upana wa kidole, Gisbert alipoanza kucheka, akicheka kwa uangalifu kama mtu mwenye wembe shavuni.

"Bi Elfriede, unaninoa."

"Ninakunoa vipi?"

"Tazama kwenye kioo mkono wako ulivyokaa. Umeulaza mgongo wa wembe kwenye ngozi, bapa kabisa, kama uko kwenye jiwe. Unautia wembe makali kwenye uso wangu. Maskini Ewald, wiki nzima amefanywa jiwe la kunolea."

Elfriede alitazama kiooni. Mkono ulikuwa umekaa vilevile ulivyokaa kwenye meza ya kiwanda, umenyooka, mtulivu, wa kupendeza. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Nyanyua mgongo," alisema Gisbert. "Kidogo tu, kama unene wake mara mbili. Mkono mwingine uvute ngozi juu. Usikandamize, uzito wa wembe unatosha. Na ufuate ndevu zinakolalia, usizipinge. Haya."

Alinyanyua. Akavuta. Safari hii ulisikika mlio mdogo, kama karatasi nyembamba ikichanwa chumba cha pili, na nyuma ya wembe ngozi ikabaki safi. Elfriede alisimama akiitazama ile njia kwenye povu.

"Endelea, mama," alisema Gisbert. "Usiniache nusu, nina wateja."

Alimnyoa uso mzima. Alipomaliza, Gisbert alimwonyesha namna ya kuusuuza, kuufuta na kuupaka tone la mafuta usishike kutu. Hilo Elfriede alilijua tangu utotoni, lakini alimwacha aonyeshe.

Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, alimwamsha Ewald, akamkalisha kwenye kiti chenye mgongo mrefu, akalowesha taulo.

"Nilikwambia uniache," alisema Ewald.

"Mara moja tu. Ukiuma, nautupa mtoni."

Ewald akafumba macho kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Elfriede alivuta ngozi, akanyanyua mgongo, akashusha wembe. Ule mlio ukasikika. Jicho moja la Ewald likafunguka. Wembe ukashuka tena. Likafunguka na la pili. Shavu la kushoto likaisha, wembe ukafika kooni, na hapo ndipo alipopata akili ya kuuliza, mdomo akiufungua kidogo tu.

"Nani kakufundisha?"

Elfriede angeweza kusema amejigundulia mwenyewe. Lakini hawakuwahi kudanganyana kuhusu wembe, na hangeanzia leo.

"Gisbert."

Elfriede alitulia, wembe hewani, akingoja. Nusu ya uso ilikuwa safi, nusu ina povu. Kama ni kukataa, angekataa sasa, na angebaki dirishani na nusu uso kwa kiburi tu, Elfriede alimjua.

"Alitumia kile chake cha kutupa?" aliuliza Ewald.

"Alitumia wako. Yaani mimi ndiye nilitumia wako. Nimemnyoa yeye."

"Umemnyoa Gisbert? Kwa wembe wangu?"

"Uso mzima."

Ewald alikodoa macho darini. Kisha kifua kikaanza kumtikisika, na ikamchukua Elfriede muda kidogo kutambua kwamba mumewe anacheka. Tangu kiharusi kimpate alikuwa hajacheka. Cheko lilitokea upande mmoja tu wa mdomo, na lilikuwa lilelile la zamani.

"Malizia," alisema.

Akamalizia. Shavu la kulia lilikuwa limelegea na halikujisaidia lenyewe, ikabidi alivute kwa vidole vyote, akaenda pole pole zaidi. Alimsuuza kwa maji baridi, akamkausha. Ewald aliinua mkono wa kushoto, akajipapasa upande wa kushoto, juu na chini, kama alivyokuwa akipapasa kazi yake kabla ya kuipeleka chini kwa wanawake wa kunoa. Akatikisa kichwa kukubali. Akaupeleka mkono upande wa kulia, akajipapasa, akasita.

"Huku sisikii kitu," alisema. Vidole vyake vilikuwa sugu kwa kazi ya jiwe, upande wa kushoto shavu lenyewe ndilo lililomsaidia, na hili la kulia lilikufa tangu vuli. "Sijui kama pako sawa."

Elfriede alitaka kumwambia pako sawa. Badala yake aliinama, akaliweka shavu lake juu ya lile la mumewe lililolegea, akalipitisha taratibu kutoka sikioni mpaka kidevuni, kama anavyokagua kazi. Alikaa hapo kuliko ilivyohitajika. Ewald naye hakujitoa.

"Laini," alimwambia sikioni. "Hakuna hata kinywele kimoja."

Ewald akakohoa.

"Basi lete viatu," alisema. "Vyeusi. Na tupite upande wa kwa Gisbert."