Nilimwamini, Lakini Nikaandika Ameanguka

Nimekosa, na sitafuti wa kunibembeleza. Mimi ni mama, na nilikuwa mwalimu wa gredi ya nne katika shule moja ya kibinafsi hapa Kitengela.

Kwa darasa langu kulikuwa na msichana, nitamwita Mwende. Siku ya michezo alikataa kutoa sweta, na jua lilikuwa linawaka! Nikampeleka kando, nikampandisha mkono wa sweta. Alama za waya. Zingine zimepona, zingine bado mbichi.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Ni baba, Madam. Tafadhali usimwambie nimesema."

Sheria naijua. Ukiona kitu kama hicho, unapiga ripoti kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo. Mimi nikakimbilia kwa mwalimu mkuu. Akafunga mlango.

"Huyo mzee ndiye mwenyekiti wa wazazi. Unataka shule ifungwe? Chukua kitabu cha ajali, andika ameanguka kwa ngazi."

Nikaandika! Na mkono wangu mwenyewe!

Saa kumi huyo baba akaja kumchukua. "Asante kwa kututunzia mtoto, Mwalimu," akaniambia. Nami nikacheka naye. Ptuu!

Wiki mbili baadaye Mwende hakuja shule. Alikuwa hospitali Kajiado, mkono umevunjwa mahali pawili. Nesi ndiye alipiga ripoti. Nesi aliyemwona mara moja tu! Mimi nilikuwa naye kila siku.

Polisi wakachukua kile kitabu. Mwalimu mkuu akasema hajui chochote, mwandiko ni wangu. Nikafutwa, nikashtakiwa. Dada yangu hataki watoto wake walale kwangu tena, na simlaumu.

Lakini hiyo yote si kitu. Siku ya kesi nilikutana na Mwende nje ya korti, ameshikwa mkono na nyanya yake kutoka Mashuuru. Akaniuliza polepole:

"Madam, kwani hukuniamini?"

Nilimwamini! Tangu neno la kwanza! Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nikaangalia chini, nikampita nikaingia kortini.

Wewe mwalimu unayesoma hii, mtoto akikuonyesha, usiende kunong'onezana ofisini. Usimpigie mzazi kwanza. Piga ripoti hata kama unatetemeka. Mimi kazi niliyokuwa nalinda iliisha tu, na Mwende saa hii anajifunza kuandika na mkono wa kushoto.