Muhuri na Sahihi Havisalimiani

Juzi, kwenye ofisi moja ya mji wa Baraka, mama mmoja alikuwa anangoja karatasi ya safari. Unga wake ulikuwa umeshapakiwa kwenye mashua ya kwenda Kazimia, na mashua haingoji. Karani alikuwa ameshaweka sahihi. Mwenye muhuri alikaa meza ya pili, anatazama ukuta.

"Mupe basi mwenzako, papa," mama akasema.

"Mi na ye hatusemezani," karani akajibu.

"Tangu lini?"

"Tangu shefu, mukubwa wa ofisi, alimusifu ye peke yake."

Mama akazunguka kaunta, akaichukua karatasi, akaiweka mbele ya muhuri.

"Mi siko na ugomvi na muntu. Piga, papa."

Akapiga.

Nasikia shefu anaandaa semina ya ushirikiano kazini. Mkufunzi atatoka Bukavu. Mama yule ameshafika Kazimia, anauza unga.