Busia miaka ya sitini: bangi ilivyofichwa nyumbani kwa mama mkwe wa polisi

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Wa umri wangu, kama mko humu ndani, vaeni miwani. Waliobaki wote ni wajukuu zangu, kaeni chini mnisikilize. Haya sikuhadithiwa na mtu, niliyaona kwa macho haya haya. Siku hizi yana ukungu, lakini wakati ule nilikuwa natunga sindano bila kulitafuta tundu.

Juzi kuna kijana aliandika humu kwamba nchi zetu zimeanza kushirikiana kupambana na madawa ya kulevya juzi juzi tu, tangu zije kompyuta na semina za hotelini.

Nilicheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka. Kijana, sikutukani. Hukuwepo tu.

Mimi ni Msamia. Nimezaliwa upande wa Kenya, mwendo mfupi kutoka Busia. Mama zangu wadogo wameolewa Dabani, upande wa Uganda. Kwetu mpaka ulikuwa mambo ya serikali. Sisi tulivuka kwenda msibani, kwenda sokoni, hata kwenda kuomba chumvi.

Mume wangu, Etyang, alikuwa konstebo wa polisi pale Busia, upande wa Kenya. Mteso kwa kabila, mrefu, mkimya, kaptula imenyooshwa pasi mpaka inatisha. Nilimpenda sana, sifichi.

Sasa, uhuru ulikuwa bado mbichi pande zote mbili, na serikali zote mbili zilikuwa zimekaza kamba kuhusu bangi. Etyang alinieleza kwamba mataifa ya dunia yalikaa huko ng'ambo yakakubaliana, na nchi zetu changa hazikutaka kuonekana ndizo zinazoharibu. Sheria yenyewe aliifupisha hivi: ikikutwa ndani ya nyumba yako, ni yako. Mengine utajieleza ukiwa ndani.

Shida ilikuwa mtaro.

Pale barabarani kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua, na huo ndio uliokuwa mpaka. Polisi wa Uganda akimkimbiza mtu anafika hapo anasimama. Wa Kenya naye vivyo hivyo. Mwenye mzigo anaruka, anakaa ng'ambo, anavua viatu anakung'uta vumbi huku anawaangalia. Etyang akirudi nyumbani siku kama hiyo hali chakula.

Basi wakubwa wa pande mbili wakakutana Tororo, upande wa Uganda. Waliyoongea siyajui, mimi nani? Ila amri iliyowafikia akina Etyang ilikuwa rahisi: ukiona kitu, mpe mwenzako habari. Ukifuata mtu mpaka mpakani, usivuke peke yako, mwite mwenzako kwanza, yeye ndiye mwenye nyumba.

Watu tulicheka. Tukasema polisi sasa wanapigiana hodi kama wakwe.

Nimetaja wakwe, wacha nisimame hapo kidogo, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawaonani hivi hivi. Etyang akija kwa mama anakohoa kuanzia kwenye ua. Mama akisikia anaingia jikoni, kibanda chake cha nyuma. Wakitaka kusemezana wananituma mimi, nakwenda na kurudi kama posta. Na chumba cha ndani cha mama mkwe, pale anapolala? Mkwe akikanyaga humo ni balaa. Wazee walisema watoto wa ndoa hiyo watadhoofika, na ndoa yenyewe imekwisha. Msicheke. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, Nafula wangu, na hakuna mtu angeniambia nijaribu nione.

Hilo jambo kila mtu alilijua. Barasa pia.

Barasa alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu. Mtu wa maneno matamu, anajua kusalimu wazee. Alikuwa anapita kwa mama, anamletea sukari na sabuni, anasema, "Mama, niwekee mzigo wangu hapa mpaka soko la Jumamosi." Mama mjane, anaona ni mtoto wa watu tu. Anauweka chumba cha ndani, kwenye usalama. Na kwetu mgeni aliyekunywa maji kwako humuulizi amebeba nini. Ni kumvunjia heshima. Harufu ya samaki ilikuwa kali, unapita ukiziba pua, nani angefungua?

Yule bwana alikuwa na akili mbaya kweli. Dunia nzima hakuna ghala kama lile: nyumba ambayo polisi wa hapo ndiye mtu wa pekee asiyeweza kuingia!

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi, jua la asubuhi. Nilikuwa kwa mama tunapepeta wimbi. Barasa alikuwa amefika mapema na baiskeli, ameingiza magunia yake mawili, amepewa chai, amekaa kwenye kigoda mlangoni anakunywa.

Nikasikia mtu anakohoa kwenye ua. Mama akachukua ungo wake akaingia jikoni.

Ni Etyang, lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na mwanaume mfupi mwenye shati la kiraia na viatu vya polisi. Sajini Ochwo, Mjapadhola wa kule Mwello, polisi wa Tororo. Alimfuata Barasa kwa baiskeli tangu Mukuju, huko kwao Uganda, alikomwona kwa macho yake akifunga bangi katikati ya samaki. Alipofika mtaroni hakuruka. Alisimama, akatuma mtu amwite Etyang.

Wakaingia uani. Barasa hata hakusimama.

"Karibuni wakubwa," akasema. "Mnatafuta nini?"

"Magunia," Etyang akasema.

"Yako chumba cha ndani. Ingia uyatoe, mkwe."

Akapuliza chai yake. Wakuu, mpaka leo nikikumbuka vile alivyopuliza ile chai nasikia kumpiga kibao.

Etyang akasimama. Ochwo naye akasimama. Mmoja mila imemfunga miguu, mwingine sheria imemfunga, maana Kenya si kwake. Wanaume wawili wa serikali mbili, mbele ya mlango ulio wazi!

Barasa akaendelea, taratibu kama anafundisha shule. "Na ukileta askari mwingine aingie, sawa. Atayakuta kwenye nyumba ya nani? Mimi mgeni tu, nakunywa chai. Mtamfunga mama yenu."

Nilijua ni kweli, na neno la polisi wa ng'ambo nani alijua kama korti yetu ingelisikiliza? Na nilijua kitu kingine ambacho Barasa pia alikijua: inspekta alikuwa amewaambia akina Etyang kwamba bangi ikipita tena Busia, kuna mtu atavua mkanda. Watu walishaanza kunong'ona kwamba polisi wanakula na wenye mizigo. Ikisikika imetoka nyumbani kwa mama mkwe wake, nani angemwamini?

Kwa hiyo ni mama yangu jela, au mume wangu afukuzwe na jina chafu. Chagua.

Mama akaniita kutoka jikoni. Nikaenda.

"Yale magunia yana nini?"

"Bangi, mama."

"Wakiyakuta?"

"Watakufunga."

"Wakiyaacha?"

"Etyang amekwisha."

Akamshika Nafula mguu pale mgongoni, akaukanda kanda kidogo. Halafu akasema, "Sogea." Akainama, akachomoa kinga cha moto kwenye mafiga, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikadhani anakwenda kumpiga nacho Barasa, na roho yangu ikafurahi.

Hapana. Alizunguka nyuma ya nyumba yake kubwa, ile marehemu baba alimjengea, akapachika kile kinga kwenye nyasi za paa.

Jamani!

Kiangazi, nyasi kavu. Moto haukuuliza mara mbili. Mama akarudi mbele ya uwanja, kichwa wazi, uso wazi, mbele ya mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu anioe, akapiga mayowe: "Uuuwi! Nyumba inaungua! Wanaume mko wapi?"

Wajukuu, sikilizeni. Kwetu mwiko ule una tundu moja tu. Nyumba ya mkwe ikishika moto, unaingia. Unaingia popote, unaokoa, na baadaye mbuzi anachinjwa, mambo yanakwisha. Mama aliutafuta huo mlango, na alipoukosa akauwasha.

Etyang alielewa palepale, akakimbia. Lakini hakuwa wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa Barasa. Kikombe kule, kigoda kule, anapiga kelele, "Magunia yangu! Mzigo wangu unaungua!" Alimpiga kumbo Etyang mlangoni. Akatoka na gunia la kwanza begani, akalitupa, akarudi ndani ya moshi kwa la pili, anakohoa, machozi yanamtoka, bado anaita, "Mali yangu! Nisaidieni mali yangu!" Majirani walikuwa wameshafika na mitungi ya maji, uwanja umejaa, kila mtu anasikia mali ni ya nani.

Etyang alitoka na kitanda cha mama, akarudi akatoka na kigoda cha baba na masufuria. Gunia hakuligusa hata moja.

Sajini Ochwo, yeye alikwenda polepole akakalia gunia la kwanza. Mikono magotini.

Barasa akatoka na la pili, nyusi zimeungua, akamwona. Ndipo akili ikamrudia. Akataka kukimbia, kwenda wapi? Uwanja mzima wanawake wa kijiji na mitungi.

"Toka kwenye gunia," akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi hapa si polisi, mimi mugeni," Ochwo akamjibu kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Lakini kukaa kwa gunia, hakuna sheria nakataza."

Akakaa hapo mpaka Etyang akaja na pingu.

Nusu ya paa ilikwenda. Majirani waliokoa nusu nyingine.

Kortini Barasa alijaribu tena. Eti magunia ni ya mwanamke, yeye alikuwa anasaidia tu kwenye moto kama jirani mwema. Aliposema vile nikamshika Nafula kwa nguvu mpaka akalia. Nilijua majirani walisikia, lakini majirani wote ni ndugu zetu, na hakimu angeweza kusema tumepanga.

Ndipo akaitwa Ochwo. Alikuja na sare kamili ya polisi wa Uganda, kwa ruhusa ya wakubwa wake. Polisi wa nchi nyingine, kofia kwapani, anaapa mbele ya hakimu wa Kenya! Wazee waliokuwa nje dirishani walivua kofia zao na wao, sijui kwa nini.

Akaeleza yote, kuanzia Mukuju mpaka mlangoni kwa mama. Hakimu akamuuliza, wewe kwenu ni Uganda, haya yanakuhusu nini?

Akasema, "Bwana hakimu, hii kitu inaharibu vijana ya kwangu kwanza, halafu inavuka kuharibu ya kwenu. Yenyewe haina pasi. Sasa sisi nangoja pasi ya nini?"

Barasa akafungwa. Mama akarudi nyumbani na miguu yake.

Mbuzi alichinjwa, Etyang ndiye alimleta. Nafula hakudhoofika, leo ni bibi kama mimi, mnene ajabu.

Lakini kilichonishinda kabisa ni Jumapili moja baadaye. Ochwo alikuja tena, safari hii na kamba na panga, amefunga matita ya nyasi kwenye baiskeli kutoka kwao Mwello. Mkwe haruhusiwi kupanda paa la mama mkwe. Kwa hiyo wa Uganda alikuwa juu anaezeka, wa Kenya yuko chini anamrushia nyasi, wanabishana nyasi za upande gani hazivuji. Mama yuko jikoni amejificha, anawapikia kuku, ananituma niwaambie waache kelele.

Nikamuuliza siku ile, "Mama, ulipataje moyo wa kuchoma nyumba ya baba?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. "Nyumba ni nyasi," akasema. "Ningekaa ndani yake salama, halafu wewe unarudi kwangu bila mume, mtoto mgongoni? Ningekuwa nimebaki na nini cha kuchoma?"

Nilitoka nje nikalia.

Somo langu, mimi ambaye sikusoma sana: mikataba ya nchi na nchi ni mizuri, iandikwe. Lakini inaposhuka chini huku inakuta uwanja wa mtu, na mlango wa mtu, na mambo ambayo wakubwa kule Tororo hawakuyafikiria. Hapo inategemea kama kuna mtu yuko tayari kupoteza kitu chake. Ochwo alikuja mbali kusema kweli mahali ambapo hakuwa na cheo. Mama alitoa paa.

Haya, uwanja ni wenu. Mlio na wazee wa Malaba, Busia, Tororo, waulizeni, kisha mniandikie. Wa kubisha abishe, nina muda, siku hizi silimi.

Ila kabla hujabisha, nijibu hili kwanza: kile kinga kingekuwa mkononi mwako, na nyumba ni hiyo moja uliyo nayo, ungekipachika?