Hamda na Viatu vya Magurudumu

Mke wangu Hamda nimemzika mwezi wa Rajabu. Nilimjua tangu ana miaka tisa, majirani wa kichochoro kimoja, Malindi.

Mwaka wa 1967 watu wa ghorofa ya juu walihama, wakaenda zao ng'ambo. Walimwachia Hamda viatu vya magurudumu, vya chuma, vya kufunga kwa ukanda. Vikubwa. Alijaza matambara.

Kaka yake, Khelef, ndiye aliyemfundisha.

"Kunja magoti. Ukiona unaanguka, kaa kitako. Mikono usiitangulize, itavunjika."

Siku tatu alikwenda ameshika ukuta, ya nne akauachia. Kwenda akajua. Kusimama, bado.

Siku ya tano mama yao, Bi Bahiya, akatoka mlangoni.

"We Hamda! Jana umempita Mzee Mmanga kama upepo, hata shikamoo. Nimeona haya mimi. Ukimpita tena bila kumpa mkono, vyuma hivyo nnavitupa pwani."

"Nshasikia, mama."

"Mpigie kengele, kama baiskeli," Khelef akamcheka.

Hamda hakucheka. Alivipenda vile viatu, akilala navyo.

Alasiri Mzee Mmanga alikaa barazani kwake na kikombe cha kahawa. Mimi nilikuwa baraza ya pili. Hamda akaja na viatu vyake, ameshika ukuta, na pale kichochoro kinateremka. Nikaona anamtazama mzee, hatazami njia. Akauachia ukuta.

"Shikamoo, babu!"

Mkono mbele, tayari kuubusu wa mzee. Mzee akaweka kikombe chini, akanyoosha wake.

"Marahaba, mjukuu wa..."

Keshapita. Vidole viligusana tu. Niliinuka, sikujua nimshike wapi. Akauangukia mkono uleule alioutoa.

Bi Bahiya akaja mbio, kichwa wazi. Hamda akamwambia, "Nimemsalimia, mama. Muulize babu. Vitabaki?"

Mama mtu alikuwa analia. Akamfungua ukanda, mguu mmoja, wa pili, akavipeleka pwani mwenyewe. Hamda akanitazama mimi, kama nna la kusema. Mtoto wa jirani, ningesema nini?

Mkono ulifungwa vijiti. Ukapona, umepinda.

Nilipomwoa alikuwa akikanda unga kwa mkono wa kushoto. Wageni wakiuliza, akisema, "Nilianguka utotoni."

Nami, niliyeona yote, nikiwatilia kahawa.